Kadi Inayoishia Kasumulu: Kuchagua Bima ya Afya kwa Anayekwenda Kuishi au Kufanya Kazi Nje

Bima ya afya ni mkataba wenye mipaka, na mpaka wa kwanza ni wa nchi. Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, inayomwezesha mwalimu wa Suma, wilayani Rungwe, kutibiwa Hospitali ya Wilaya pale Makandana, Tukuyu, na kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, haimlipii hata kidonge cha maumivu akishavuka daraja la Mto Songwe pale Kasumulu kuingia Malawi. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ya mkulima wa chai nayo iko hivyo hivyo. Mifuko hii huingia mikataba na vituo vya ndani ya nchi, na fedha zake hutoka kwa mapato ya ndani ya nchi. Anayeondoka kwenda kusoma, kufanya kazi au kulea mjukuu ugenini huanza upya, na swali la kwanza analopaswa kujiuliza ni nani atakayelipa siku ya kulazwa. Wengi hulitanguliza swali jingine, la karatasi ipi itakayokubaliwa ubalozini. Maswali hayo mawili hayana jibu moja, na hasara nyingi huanzia hapo.

Kutoka Rungwe kwenda mbali kutafuta maisha si jambo la kizazi hiki. Katika miaka ya 1950 shirika la WENELA, lililoandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, lilichukua vijana wengi wa Kinyakyusa, na wengine walishika njia ya migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Aliyevunjika mguu mgodini alitibiwa huko huko. Kilichokosekana ni matibabu ya ugonjwa unaochelewa. Vumbi la mwamba likiingia mapafuni huweza kukaa miaka mingi kabla halijaanza kumkata mtu pumzi, na wakati huo mhusika yuko kwao chini ya migomba, mkataba umekwisha, na wa kumdai hayupo. Serikali ya Tanganyika ilisitisha uandikishaji huo baada ya uhuru. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia kwa wachimbaji walioumwa mapafu, yanayosimamiwa na mfuko uitwao Tshiamiso, lakini makubaliano hayo yanawahusu waliofanya kazi kati ya tarehe 12 Machi 1965 na tarehe 10 Desemba 2019. Wengi wa Rungwe walikuwa wamesharudi kabla ya mwaka huo wa 1965. Kwa anayechagua bima leo, historia hiyo inaleta jambo moja la kuuliza kabla ya kutia saini: ugonjwa ulioanza wakati wa mkataba utalipiwa mpaka lini baada ya mkataba kwisha, na kama utalipiwa mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani.

Ugenini ulio karibu zaidi ndio unaosahaulika. Mfanyabiashara anayepeleka viazi na ndizi Karonga, Malawi, au dereva anayepitia Tunduma kuingia Nakonde, Zambia, mara mbili kwa wiki, hajioni kuwa mtu anayeishi nje. Hakuna ubalozi uliomdai bima, na mpakani huulizwa kadi ya njano tu. Hapa pana mkanganyiko unaofaa kuondolewa, kwa sababu kadi za njano ni mbili na hakuna hata moja iliyo bima ya afya. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ya pili ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya chombo cha moto. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango huo wa kadi. Hii ya pili hulipa madhara ambayo gari limewasababishia wengine, na pia matibabu ya dereva na abiria waliojeruhiwa katika ajali ya gari hilo. Gari likipinduka Zambia kadi hiyo ina kazi. Dereva huyo huyo akishikwa na malaria kali akiwa kwenye foleni ya malori, haina kazi. Dereva aliyeajiriwa na kampuni ya Tanzania ana pia njia ya kufuatilia fidia kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kupitia mwajiri wake, lakini kwa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi peke yake. Malaria, kidole tumbo na uzazi havimo.

Kwa watu wa aina hii bima inayofaa ni ile ya safari ya mwaka mzima, inayoruhusu kutoka na kuingia mara nyingi, na yenye kutaja nchi za Kusini mwa Afrika kwa jina. Jambo la kuchungulia ni idadi ya siku zinazoruhusiwa kwa kila safari. Mikataba mingi ya namna hiyo huweka kikomo cha siku kadhaa kwa safari moja, na anayekaa kwa ndugu yake Mzuzu miezi minne akisubiri mzigo anakuwa ameshatoka nje ya bima bila kujua.

Kwa anayehamia Zambia na kuajiriwa rasmi, mambo ni rahisi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya mwaka 2018 ilianzisha bima ya taifa chini ya mamlaka iitwayo NHIMA, na tangu Oktoba 2019 mwajiri na mwajiriwa kila mmoja huchangia asilimia 1. Sheria hiyo inawahusu raia na pia wakazi wasio raia waliotimiza masharti ya ukaazi. Kenya nayo iliibadili NHIF yake kuwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuanzia Oktoba 2024, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mgeni anayeishi Kenya zaidi ya miezi 12 anatakiwa kujisajili. Mtu akatwaye michango hiyo kwenye hati ya mshahara anapaswa kwenda mwenyewe kuhakikisha kuwa jina lake limo kwenye mfumo, pamoja na majina ya mke au mume na watoto. Makato kuonekana kwenye karatasi na usajili kukamilika ni vitu viwili.

Afrika Kusini ni nchi ya bima binafsi zilizosajiliwa na baraza linalozisimamia. Anayeomba viza ya masomo huko hutakiwa awe mwanachama wa mfuko uliosajiliwa nchini humo, kwa muda wote wa masomo, hivyo bima ya safari iliyokatwa Mbeya haitoshi. Katiba ya nchi hiyo, kifungu cha 27, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na kinga hiyo ni kubwa kwa mgeni. Lakini dharura huisha mgonjwa akishatulia. Upasuaji wa kupanga, mashine za dialisisi na dawa za kila mwezi ni habari nyingine. Mifuko ya huko huruhusiwa kumsubirisha mwanachama mpya miezi 3 kabla ya kuanza kumlipia, na hadi miezi 12 kwa ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kujiunga.

Ghuba ndiko vijana wengi wa kike wanakoelekea kwa kazi za ndani, na ndiko bima hupaswa kusomwa kwa makini kuliko kwingine kote, kwa sababu anayeikata ni mwajiri na mara nyingi kadi hukaa kwake. Katika Falme za Kiarabu, Abu Dhabi ilianza kuwalazimisha waajiri kwa sheria ya mwaka 2005 na Dubai kwa sheria ya mwaka 2013. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sharti hilo limeenea hadi emireti zilizobaki, likiwamo kundi la wafanyakazi wa ndani, na kibali cha ukaazi hakitolewi wala kuhuishwa bila bima. Kitita cha msingi kwa emireti hizo huanzia dirham 320 kwa mwaka. Mgonjwa aliyelazwa huchangia asilimia 20 ya gharama, isiyozidi dirham 500 kwa kila mara na dirham 1,000 kwa mwaka. Ada yenyewe ni mzigo wa mwajiri. Anayekatwa mshahara kwa kisingizio cha bima anaibiwa, na ni vizuri akalijua hilo kabla hajapanda ndege, kwa sababu akishafika nguvu yake ya kubishana ni ndogo.

Saudi Arabia imewalazimisha waajiri wa sekta binafsi kwa sheria ya mwaka 1999, lakini wafanyakazi wa ndani wana kanuni zao na hawapaswi kudhani kuwa kila kinachomhusu mfanyakazi wa kampuni kinawahusu. Qatar ilitunga sheria yake mwaka 2021. Popote pale katika nchi hizi, mfanyakazi atake mambo matatu yaandikwe kwenye mkataba wa kazi: jina la kampuni ya bima, haki ya kukaa na kadi yake mwenyewe au angalau picha yake kwenye simu, na nani atalipa sehemu ambayo bima hailipi. Mawakala wa ajira huwaambia wasichana kuwa wamekwisha kupimwa afya na kupata cheti, hivyo wasiwe na wasiwasi. Cheti cha vipimo humhakikishia mwajiri kwamba mfanyakazi anayefika ni mzima. Kwa mfanyakazi mwenyewe hakina faida yoyote akiungua jikoni.

Uingereza haimdai mwanafunzi au mfanyakazi bima ya kampuni. Humtoza tozo ya afya pamoja na ada ya viza, na baada ya hapo hutibiwa na mfumo wa taifa wa NHS kama mkazi mwingine. Tangu tarehe 6 Februari 2024 tozo hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi na kwa mtoto. Hulipwa yote kwa pamoja mwanzoni, kwa miaka yote ya viza, kwa hiyo viza ya miaka mitatu ya mfanyakazi ni pauni 3,105 kabla ya tiketi. Wauguzi na watumishi wengine wanaokwenda kwa viza ya kazi za afya na uangalizi wamesamehewa tozo hiyo, na wakala anayemtoza muuguzi wa Tukuyu fedha za tozo ya NHS anapaswa kuulizwa maswali. Ubaya uko kwa wageni wa muda mfupi. Mama anayetoka Suma kwenda Birmingham kumsaidia binti yake aliyejifungua, kwa viza ya miezi sita, halipi tozo na hana haki ya kulazwa bure. Akilazwa kwa presha, hospitali humtoza asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS. Mama huyo ndiye anayehitaji bima ya safari kuliko binti na mkwe wake, na ndiye ambaye familia nyingi humsahau kwa kuwa anakwenda kwa mtoto wake.

Ujerumani iko tofauti tena. Kila anayeishi huko lazima awe na bima, na mlango anaoingilia ndio unaoamua bima ipi. Kijana wa kujitolea anayepelekwa na kanisa, na njia hii inajulikana Rungwe kwani Wamoraviani wa Herrnhut wako hapa tangu mwaka 1891, kwa kawaida hukatiwa bima na taasisi inayompokea. Anayekwenda kulea watoto kwa familia hukatiwa na familia hiyo. Anayeingia mafunzo ya kazi yenye mkataba wa ajira, uuguzi kwa mfano, huingia bima ya umma na mwajiri huchangia. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliye chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kwa kiwango nafuu cha wanafunzi. Anayekwenda kwanza kusoma lugha hana haki hiyo na hukata bima binafsi. Hapa pana mtego. Akishaanza chuo, mwanafunzi anaweza kuomba asilazimishwe kuingia bima ya umma ili aendelee na ile binafsi iliyo rahisi. Ombi likikubaliwa haliwezi kutenguliwa kwa muda wote wa masomo yake. Akipata kisukari mwaka wa pili, atakuwa amefungiwa ndani ya mkataba dhaifu. Euro chache anazookoa kila mwezi hazistahili hatari hiyo.

Kwa ziara fupi za Ulaya, viza ya Schengen hudai bima ya safari yenye kikomo kisichopungua euro 30,000, inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa na kusafirisha mwili. Bima hii hukatwa kwa siku chache na ni rahisi. Kosa ni kuitumia kama bima ya kuishi. Kazi yake ni kumvusha mgonjwa kwenye dharura na kumrudisha kwao, na haimtibu mtu anayesoma miaka miwili.

Marekani inastahili tahadhari kwa sababu ya bei zake. Wanaokwenda kwa viza ya J-1, kama watafiti na washiriki wa programu za kubadilishana, wanawekewa na serikali viwango vya chini: dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kuhamishwa kwa matibabu, dola 25,000 za kurudisha mwili, na kiasi cha kujilipia kwanza kisichozidi dola 500. Viwango hivyo ni sakafu tu. Dola 100,000 zinaweza kwisha kwa mgonjwa mmoja wa chumba cha uangalizi maalumu. Mgeni wa viza ya matembezi hadaiwi bima yoyote, na kwa sababu hiyo ndiye anayebaki wazi kabisa. China kwa upande wake huwa na utaratibu mmoja unaojulikana na wanafunzi wa Kitanzania: vyuo hutoza yuan 800 kwa mwaka kwa bima ya wanafunzi wa kigeni, na wenye ufadhili wa serikali ya China hulipiwa. Bima hiyo ni ya mwanafunzi peke yake, na mke au mtoto anayemfuata hana kitu.

Baada ya nchi huja mkataba wenyewe. Ukurasa wa mbele huwa na namba kubwa, na namba hiyo ndiyo inayouza. Anayejua kusoma hutafuta namba ndogo tatu zilizo ndani: kiasi ambacho mgonjwa hujilipia kwanza, asilimia anayochangia baada ya hapo, na vikomo vidogo vya kila huduma. Mfano wa hesabu unatosha. Mwanafunzi ana bima yenye kikomo cha dola 50,000, anajilipia kwanza dola 250, kisha anachangia asilimia 20. Anapasuliwa kidole tumbo, bili ni dola 9,000. Atatoa dola 250, zitabaki 8,750, na asilimia 20 ya hizo ni 1,750. Jumla ametoa dola 2,000 kwa mkupuo, akiwa bado amelala kitandani. Bima ya pili ingemgharimu dola 300 zaidi kwa mwaka, lakini anajilipia kwanza dola 100 na hachangii tena. Kwa ugonjwa ule ule angekuwa ametoa dola 400, ongezeko la ada likiwemo. Kikomo cha mbele kingeweza kuwa sawa katika bima zote mbili, na mnunuzi asiyefungua kurasa za ndani angechukua ya kwanza akiamini amebahatika.

Vikomo vidogo ni hatari zaidi kwa kuwa haviongelewi. Mkataba unaweza kulipia kulazwa hadi kiasi fulani kwa usiku mmoja, na katika miji mikubwa kitanda kikawa mara tatu ya kiasi hicho. Meno na macho kwa kawaida hulipiwa kwa dharura tu, au hayalipiwi kabisa. Ujauzito mara nyingi huanza kulipiwa baada ya miezi 10 au 12 ya uanachama, kwa hiyo bibi harusi anayemfuata mumewe ng'ambo anapaswa kuingizwa kwenye bima siku anayofika, asisubiri mpaka mimba ionekane.

Kuna pia namna ya kulipa. Bima nyingine hulipa hospitali moja kwa moja, mgonjwa akionyesha kadi; nyingine humtaka alipe mwenyewe, akusanye risiti, ndipo adai. Kwa kijana asiye na akiba, aina ya pili ina faida kidogo mno wakati wa ugonjwa mkubwa. Na hata ile ya kwanza huwa na sharti la kibali: kabla ya kulazwa kwa tiba ya kupanga kampuni ipigiwe simu, na kwa dharura iarifiwe ndani ya muda uliotajwa, mara nyingi saa 24 au 48. Madai mengi hukataliwa kwa kukosa simu hiyo moja, wala si kwa sababu ugonjwa haumo kwenye mkataba.

Fomu ya kujiunga huuliza magonjwa ambayo mtu tayari anayo. Presha, kisukari, pumu, selimundu, maambukizi ya VVU, kifua kikuu kilichowahi kutibiwa: yote hutajwa. Wapo wanaoshauriwa na marafiki waandike kuwa hawana kitu, ili ada iwe ndogo au maombi yapite haraka. Ushauri huo ni mbaya. Kampuni ikipokea bili kubwa huomba mafaili ya nyuma, na ikigundua ugonjwa uliofichwa inaweza kufuta mkataba wote, hata sehemu zisizohusiana na ugonjwa huo. Afadhali kulipa zaidi, au kukubali kusubiri miezi kadhaa, au kutafuta nchi na mfuko usiobagua. Bima za umma za Ujerumani na mfumo wa NHS havimkatai mtu kwa ugonjwa aliokuja nao, na kwa mgonjwa wa kudumu jambo hilo linapaswa kuwa na uzito hata katika kuchagua chuo. Mwenye dawa za kila siku aondoke na akiba ya kumfikisha mpaka huduma ya kule ianze, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu ya dawa hizo. Nchi za Ghuba zina masharti makali juu ya baadhi ya dawa za maumivu na za usingizi, kwa hiyo barua hiyo isiachwe nyumbani.

Sehemu ya mkataba inayogusa zaidi familia za Rungwe ni ya kusafirisha mwili. Mnyakyusa huzikwa kwao, karibu na nyumba, na kuzikwa ugenini ni huzuni ambayo ukoo huikataa kwa kila njia. Bila bima, kifo cha kijana mmoja Muscat au Houston hufungua michango ya wiki nzima kwenye makundi ya simu, na mara nyingine mwili hukaa mochwari ukisubiri shilingi za mwisho. Kwa hiyo kifungu hiki kisomwe neno kwa neno. Je, kinalipa kuandaa mwili, jeneza na nyaraka, au ndege tu? Je, kinafika wapi? Mikataba mingi huishia uwanja wa ndege wa kimataifa wa nchi ya marehemu. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Suma ni zaidi ya kilomita 850 za barabara, na gari la kubeba mwili pamoja na waombolezaji si gharama ndogo. Ikiwezekana mkataba utaje Uwanja wa Songwe, au useme wazi kuwa unalipa hadi mahali pa maziko. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia humtwisha mwajiri gharama za kuandaa na kusafirisha mwili wa mfanyakazi, lakini kwa kuwa wafanyakazi wa ndani wana kanuni zao, sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wa kila mmoja wao.

Kuhamishwa kwa matibabu ni kifungu pacha na hufanana nacho kwa majina tu. Kampuni humhamisha mgonjwa pale daktari wake anapoona huduma ya alipo haitoshi, na humpeleka hospitali inayofaa iliyo karibu. Familia isitegemee kuwa mgonjwa aliyeko Lusaka ataletwa Mbeya kwa sababu ndugu wapo Mbeya.

Wanaobaki nyumbani nao wana hesabu yao. Mtumishi wa umma anayeacha kazi ili aende nje hupoteza uanachama wa NHIF aliokuwa akichangiwa asilimia 3 na mwajiri na kukatwa asilimia 3 kwenye mshahara, na kadi za mume, watoto na wazazi aliowaandikisha hufungwa pamoja na yake. Jambo hili hugunduliwa dirishani pale Makandana, mtoto akiwa na homa. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, wategemezi wahamishiwe kwa mwanandoa mwenye ajira, au waingizwe kwenye mpango wa kaya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, kwa hiyo fedha ya kwanza inayotumwa kutoka nje, kabla ya mabati na saruji, ingefaa kuwa ada ya bima ya waliobaki. Aliye nje ambaye huwalipia wazazi wake ada ya mwaka huepuka kuamshwa usiku wa manane kila mara baba anapolazwa.

Ununuzi wenyewe hauna ugumu mwingi. Bima ya safari hukatwa kwa kampuni au wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na hati yake inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa mamlaka hiyo. Malipo yafanywe kwa namba ya kampuni. Fedha iliyopelekwa kwenye simu binafsi ya wakala ni vigumu kuidai. Jina kwenye hati liwe sawasawa na la pasipoti, herufi kwa herufi, kwani majina ya Kinyakyusa yenye Mwa- mbele huandikwa kwa namna nyingi na kosa la herufi moja limewahi kuchelewesha viza za watu. Tarehe ya kuanza iwe siku ya kuondoka, na ya mwisho izidi siku ya kurudi kwa angalau wiki mbili, kwa sababu ndege huahirishwa na viza huchelewa kuhuishwa.

Nakala tatu za hati zinatosha. Moja hukaa na mwenyewe, nyingine kwenye simu yake, na ya tatu huachwa Suma kwa mtu anayejua kusoma lugha ya mkataba na asiyebadilisha namba ya simu ovyo. Juu ya nakala hiyo ya tatu huandikwa kwa kalamu namba ya hati, namba ya dharura ya kampuni inayopokelewa saa zote, jina la mwajiri au chuo, na tarehe ambayo bima inakwisha. Tarehe hiyo ikibadilika, mwenye nakala huarifiwa siku hiyo hiyo naye huifuta ya zamani na kuandika mpya.